Mlima Uliojifunza Kudai

Novemba 1951 askari waliingia Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru. Wameru wapatao 3,000 waliamriwa kuondoka katika mashamba mawili ambayo serikali ya kikoloni iliyajua kwa namba tu, 31 na 328. Waliokataa walitolewa kwa nguvu. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, na wenyeji wakaelekezwa King'ori, mahali ambapo walikuwa wamekwisha kupakataa. Amri hiyo ilitokana na taarifa ya Tume ya Jaji Mark Wilson ya mwaka 1947, iliyotaka walowezi wa Kizungu wapate eneo moja la ufugaji lisilokatizwa na mashamba ya Waafrika.

Naanzia katika majivu hayo ingawa habari ninayotaka kusimulia ni ya nishati safi na tabianchi. Siku hizi, mtu wa Arusha akisikia maneno hayo mawili, hudhani yamekuja na semina za hotelini pamoja na mabango ya wafadhili. Mimi nasema yana mizizi katika udongo wa mlima huu. Wananchi wanaosimama leo kudai moto usio na moshi, maji yasiyokauka na msitu usioisha wanatembea katika njia iliyokanyagwa na babu na bibi zao. Ukiifahamu njia hiyo, utafahamu pia kwa nini baadhi ya madai yao hufika mbali na mengine hufia njiani.

Mfereji ulitangulia boma

Wajerumani walijenga Boma la Arusha mwaka 1900. Wakati huo Wameru na Waarusha walikuwa wameishi na mifereji kwa muda mrefu. Meru, mlima wenye urefu wa mita 4,562, huvuta mvua nyingi upande wa kusini na kuunyima upande wa kaskazini. Kusini ndiko vinakoshuka vijito vingi vinavyofanya mito ya Themi, Nduruma, Tengeru na Usa. Wakulima waliziba kijito kwa mawe na udongo, wakachimba njia ya maji pembezoni mwa mteremko, na kuyapeleka maji kwenye migomba.

Mfereji hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Ukizibwa juu, wa chini hukosa. Ukibomoka katikati, wote hukosa. Kwa hiyo palikuwa na zamu ya maji, siku ya kuuzibua, na faini kwa asiyetokea na jembe lake. Haki ya kunywesha shamba iliambatana na wajibu wa kutoa jasho. Walikaa, wakasemezana, wakagombana na kupatana, na kesho yake wakaingia mferejini pamoja. Watu waliokuzwa na desturi hiyo ndio walioporwa ardhi mwaka 1951.

Safari ya New York

Wameru walijibu kama watu wa mfereji. Walikutana, wakachangishana fedha zilizotokana kwa sehemu kubwa na kahawa, na kupitia Umoja wa Raia wa Meru wakamtafuta wakili. Walimpata Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa chini ya Uingereza, na mkazi wake yeyote alikuwa na haki ya kupeleka malalamiko katika Baraza la Udhamini. Watu wengi hawakuijua haki hiyo. Wameru waliijua na wakaitumia.

Mwaka 1952 Kirilo Japhet, kijana wa Meru, alisimama New York akiwa na Seaton na kueleza jinsi watu wake walivyofukuzwa. Baraza lilisikitika, lakini halikuamuru ardhi irudishwe. Shauri likapanda hadi Baraza Kuu. Kamati ya Nne iliunga mkono azimio la kuwarudishia Wameru ardhi yao. Lilipofika mbele ya mataifa yote, likakosa theluthi mbili ya kura zilizohitajika.

Kwenye karatasi, Wameru walishindwa. Mlimani hali ilikuwa nyingine. Kirilo alirudi nyumbani na kuzunguka Tanganyika akisimulia aliyoyaona, na watu wa majimbo mengine wakatambua kwamba serikali ya kikoloni inaweza kushitakiwa mbele ya dunia. Julai 1954 TANU ikazaliwa. Machi 1955 Julius Nyerere naye akasimama mbele ya Baraza lile lile la Udhamini. Huko Meru kwenyewe, Mangi Sante, ambaye wengi walimlaumu katika shauri la ardhi, alipoteza kiti cha uchifu, na chini ya utaratibu mpya wa uongozi watu wakamchagua Sylvanus Kaaya kuwa Mangi. Leo Engare Nanyuki, inayoandikwa Ngarenanyuki, ni kata ya Wameru, na nyanya zake zimejaa katika masoko ya Arusha.

Haya ndiyo mafunzo ya kwanza ya mlima: kaa na wenzako, changa, andika dai lako kwa jina na namba, lifikishe kwa mwenye mamlaka, na ukishindwa huko rudi uwasimulie watu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Wameru waliinama kweli, mpaka wakaigusa sakafu ya dunia.

Maji ya migomba, maji ya umeme

Maji yanayoteremka Meru hayaishii Arusha. Huingia mto Kikuletwa, hukutana na maji ya Kilimanjaro, na kufika Bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hufuata mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Njia nzima ni ya umeme. Kwenye Kikuletwa penyewe, wilayani Hai, palijengwa kituo kidogo katika miaka ya 1930. Nyumba ya Mungu ina mtambo wa megawati 8, Hale megawati 21, na Pangani Mpya, iliyokamilika mwaka 1995, megawati 68.

Umeme wa maji hauna moshi. Lakini hapa ndipo watu wa mlimani walipogundua kwamba nishati safi nayo ina siasa zake. Ukame ulipokuja na mgao wa umeme ukaikumba nchi, macho ya wakubwa yalipanda juu kwenye mifereji: wakulima wanamaliza maji ya mitambo. Bodi na ofisi za bonde la mto Pangani zikaundwa, wakulima wakatakiwa kuwa na hati za haki ya maji na kuzilipia. Kwa mzee aliyerithi zamu yake kwa baba yake, kulipia maji ya mfereji uliochimbwa na ukoo wake lilikuwa jambo gumu kulimeza.

Ugomvi huo wa miaka ya 1990 ulifundisha kwamba swali la nishati haliishii kwenye waya. Nani alinde chanzo cha maji? Nani apewe kwanza mwaka wa kiangazi? Mwanafunzi wa Arusha Mjini anayesoma chini ya taa na mama wa Nduruma anayenywesha maharage wanakunywa kutoka kisima kimoja. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ilizipa jumuiya za watumia maji nafasi rasmi ya kukaa mezani. Kwa maneno mengine, serikali ilirudi kwenye busara ya mfereji: anayetumia awe na sauti, na mwenye sauti awe na wajibu.

Kituo kile cha Kikuletwa kilizimika katika miaka ya 1980. Miaka mingi baadaye kilikabidhiwa kwa Chuo cha Ufundi Arusha, ambacho kimekuwa kikipageuza mahali hapo kuwa kituo cha kufundishia vijana nishati jadidifu. Mtambo uliowekwa enzi za mkoloni unakuwa darasa la watoto wa wakulima wa mifereji.

Moto kutoka zizini

Wakati mito ikigombewa, jambo jingine lilikuwa likiota kimyakimya nyuma ya nyumba. Mashamba ya Meru yaligawanywa kwa wana na wajukuu mpaka yakawa vipande. Ng'ombe hakuwa na pa kuchungwa, akafungwa zizini na kuletewa majani kichwani mwa wanawake. Kuni nazo zilipungua, kwa kuwa msitu wa juu ni hifadhi na miti ya shambani imekatwa. Mwanamke akawa na mizigo miwili: majani ya ng'ombe na kuni za mafiga.

Mwaka 1975 SIDO, shirika la umma la viwanda vidogo, ilianza kueneza mitambo ya biogesi yenye pipa la chuma linaloelea. Chuma kilikuwa ghali, nacho kikashika kutu. Mwaka 1981 Arusha ikapata CAMARTEC, kituo cha umma cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. Katika miaka iliyofuata, kwa ushirikiano na Wajerumani, mafundi wa kituo hicho waliboresha mtambo wa kuba lililozikwa ardhini, unaojengwa kwa matofali na saruji bila pipa la chuma. Samadi huchanganywa na maji, huingia kwenye kuba, huoza mahali pasipo na hewa, na gesi inayopatikana hupanda kwenye bomba hadi jikoni. Tope linalosukumwa nje hurudi kwenye migomba na kahawa, likiwa mbolea nzuri kuliko samadi mbichi.

Mtambo huu ulikubaliwa kwa sababu ulikuwa jibu la hali ya mlima wenyewe. Ng'ombe walikuwa zizini tayari, na samadi haikuhitaji kutafutwa porini. Mafundi waashi wa hapa hapa waliweza kuujenga, na jirani aliweza kuuona ukiwaka kabla ya kutoa fedha yake. Mwaka 2009 Programu ya Biogesi ya Kaya Tanzania, ikiwa chini ya CAMARTEC, iliweka lengo la kujenga mitambo 12,000 nchini kwa miaka mitano.

Lakini pia palikuwa na wasiofikiwa. Asiye na ng'ombe hakuwa na samadi. Asiye na fedha ya saruji alibaki na mafiga. Na mwaka wa ukame, ndoo ya maji ya kuchanganyia ilishindana na ndoo ya kunywa. Teknolojia nzuri ilikuwa imepata wenyewe, ila haikuwa imepata mfuko wa pamoja. Wameru walipokwenda New York, hata asiye na kahawa alisafiri na Kirilo, kwa kuwa mchango ulikuwa wa wote. Biogesi iliachwa iwe ya kila mtu na mfuko wake.

Msitu uliookolewa na vijiji

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mkoa wa Arusha ulikuwa mpana, na Babati, ambayo sasa iko Manyara, ilikuwa ndani yake. Huko serikali ilitaka kuugeuza msitu wa miombo wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi yake. Wanavijiji walipinga. Walisema msitu ni wao, kuni zao, maji yao na dawa zao, na kwamba wakinyang'anywa hakuna atakayeulinda. Baada ya mabishano, wakapewa nafasi ya kuthibitisha maneno yao. Kila kijiji kikaweka sheria ndogo, kikachagua kamati na walinzi, na ukataji ovyo ukapungua.

Mfano huo ulipanda hadi Dodoma na Dar es Salaam. Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zilitambua misitu ya vijiji, na Duru-Haitemba ilikuwa miongoni mwa mifano iliyofungua mlango huo. Linganisha na Januari 2006, serikali ilipopiga marufuku mkaa nchi nzima: marufuku hiyo iliishi majuma machache, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemuuliza mama wa mitaa ya Unga Limited au Ngarenaro, Arusha Mjini, atapikia nini kesho.

Bajeti iliyoandikwa chini ya mgunga

Ukame wa mwaka 2009 uliwaangamiza ng'ombe katika nyanda za Longido, Monduli na Ngorongoro. Familia za Wamaasai zilizokuwa na zizi lililojaa zilibaki na ngozi. Watu hao mchango wao katika hewa chafu ya dunia ni kama tone, ila gharama yake iliwafika mlangoni.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2010, wilaya hizo tatu zilijaribu njia mpya ya kugawa fedha za tabianchi. Ilikuwa imetangulia kujaribiwa Isiolo, kaskazini mwa Kenya. Badala ya wizara kuamua kila kitu, kamati za wananchi katika tarafa zilikusanya madai kutoka vijijini, zikayapanga kwa umuhimu, na halmashauri pamoja na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, zikayapitishia fedha. Haki Kazi Catalyst, asasi ya Arusha, ilikuwa miongoni mwa waliosaidia kazi hiyo.

Walipoulizwa wanataka nini, wafugaji walianza na maji: visima, mabwawa, matangi, kisha huduma za mifugo. Hawakuyaita hayo ustahimilivu wa tabianchi. Waliyaita maisha. Mzee wa kimila anajua kisima kikiwekwa mahali pabaya kitavuta mifugo yote na kuua malisho ya kiangazi. Mtaalamu aliyeko ofisini hajui. Fedha iliyopangwa na anayeumia hufika panapouma. Hilo ndilo jambo wapiga kura wa mahali popote duniani wanalopaswa kulidai kuhusu tabianchi: nafasi ya kusema, pamoja na sehemu ya bajeti.

Moshi wa jikoni wafika Ikulu

Kwa miaka mingi moshi wa jikoni ulihesabiwa kuwa shida ya wanawake peke yao. Serikali yenyewe inasema watu wapatao 33,000 hufariki kila mwaka nchini kwa maradhi yanayotokana na nishati chafu ya kupikia. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 6.9. Kabla ya mkakati huo kuzinduliwa, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikuwa zimetakiwa kuacha kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024.

Ni lengo kubwa, na linastahili kuungwa mkono kwa moyo wote. Lakini historia ya mlima huu inatuonya. Mtungi wa gesi unaogawiwa bure mbele ya kamera huisha baada ya wiki kadhaa, na kuujaza kunadai fedha ya mkupuo, ilhali mkaa hununuliwa kwa kopo, kulingana na kilichomo mfukoni jioni ile. Shule ikiambiwa iache kuni bila kupewa fedha ya kununua jiko jingine, wazazi ndio watakaochangishwa. Mambo haya yanajulikana kwenye kitongoji kabla hayajajulikana wizarani, na ndiyo sababu lazima mkakati huo ujadiliwe kijijini, ukiwa na takwimu na fedha za kijiji hicho.

Mahakama mlangoni

Mwaka 1952 Mmeru alipanda ndege kwenda kutafuta baraza la kumsikiliza. Sasa mabaraza yako Arusha. Novemba 2020 mashirika manne ya kiraia ya Afrika Mashariki yalifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki kupinga bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Novemba 2023 shauri lilitupwa kwa sababu lilifunguliwa nje ya muda. Wadai wakakata rufaa. Wapo Watanzania wengi wanaoliona bomba hilo kuwa ajira na mapato, na wapo wanaoona ardhi, maji na hewa viko hatarini. Wote wana haki ya kusikilizwa.

Mei 2025 Umoja wa Wanasheria wa Afrika, wenye makao yake Arusha, uliiomba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo mji huo huo, itoe maoni kuhusu wajibu wa nchi za Afrika katika janga la tabianchi. Julai mwaka huo Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake kwamba nchi zina wajibu wa kisheria wa kulinda tabianchi. Na shauri hilo la Mahakama ya Kimataifa lilianza na wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki. Wanafunzi wale na Wameru wa 1952 wangeelewana bila mkalimani. Walianza wachache, wakaandika, na hawakuogopa ukubwa wa ukumbi.

Agenda namba moja

Hata hivyo, mahakama kubwa za mjini Arusha haziwezi kufanya kazi ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria zetu za serikali za mitaa, kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo, na unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mwenyekiti anapoulizwa, mapato na matumizi yanaposomwa, na sheria ndogo zinapopitishwa. Diwani hubeba yaliyoamuliwa hadi halmashauri.

Lakini tazameni agenda za mikutano yetu. Kufungua, kusoma muhtasari, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, kisha mwishoni, watu wakiwa wamechoka na jua limesimama utosini, huja "mengineyo". Chanzo cha maji kinachokauka huzungumzwa kwenye mengineyo. Kuni za shule huzungumzwa kwenye mengineyo. Anayeomba kijiji kiunde kikundi cha kuchangia mitambo ya biogesi au umeme jua husimama wakati wenzake wanakung'uta vumbi waondoke.

Wameru wa Engare Nanyuki hawakuliacha dai lao kwenye mengineyo. Walilipa jina, namba za mashamba, wakili na nauli. Siku ya kuzibua mfereji, hakuna aliyesubiri shughuli nyingine ziishe kwanza. Anayekuja kuomba kura Meru, Arusha Mjini, Longido au Monduli aulizwe mapema, kabla ya wimbo na khanga: mpango wako wa maji ni upi, wa moto wa jikoni ni upi, na fedha yake iko fungu gani la bajeti? Na katika mkutano ujao wa kijiji, mtu mmoja anyooshe mkono kabla ya muhtasari kusomwa, aombe agenda ibadilishwe. Suala la maji na moto wa jikoni liwe la kwanza, wakati watu wote bado wamekaa.